Theluji Hana Upele

Kaskazini mwa Norwei

Mdogo wangu mpendwa Leonsia,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo Buganguzi. Je, kifua chako kimetulia? Na migomba ya nyuma ya nyumba, imesimama tena baada ya ule upepo? Mimi ni mzima, ila magoti hunisumbua ninapopanda ngazi za chuo kwenda kuwafundisha vijana wa huku Kiswahili. Siku hizi jua linazama kabla sijanywa chai ya alasiri.

Barua yako imenifikia jana. Unasema kikao cha kijiji kimeamua mbwa wako Theluji apigwe risasi na mgambo mara kahawa itakapokwisha kuchumwa, kwa kuwa ana upele utakaowaingia mbuzi. Uliandika kahawa ikiwa ndiyo kwanza inaanza kuiva. Nikifikiri safari ya barua kutoka kwenu hadi huku, na ya hii kurudi, naona mikeka ya kuanikia itakuwa imekwisha kukunjwa. Huenda naeleza habari za mbwa aliyekwisha kuzikwa. Naandika hata hivyo, maana nikiwa huku sina kingine ninachoweza kumfanyia.

Kwanza niondoe kosa lililoingia kati yetu. Katika barua iliyopita niliandika, "Tafuteni mzio wake." Wewe ukasoma omuziro, mwiko wa ukoo. Ukaenda kwa baba mdogo Rwegasira kumwuliza kama mbwa aliyezaliwa Ulaya ana omuziro, naye akakujibu, "Anayelala chini ya paa letu ana omuziro wetu. Asile kamongo." Ukaniandikia kwa fahari: "Waitu kaka, tumetii. Hajaonja kamongo, na hata kabla hakuwahi kumwona." Nilicheka, Leonsia, kisha nikaisoma tena. Muda wote huo mlikuwa mkimkinga na samaki asiyemjua, naye anajikuna mpaka damu.

Maneno haya mawili ni ndugu, lakini hayafanyi kazi moja. Omuziro ni wa ukoo, nasi tunauacha kwa heshima. Mzio ninaousema ni wa mwili mmoja tu. Mwili hukutana na kitu kisicho na ubaya wowote, labda chakula, vumbi au majani, ukakidhania adui na kupigana nacho. Yale mapigano ndiyo mwasho. Shangazi yetu akila senene huvimba midomo, wakati sisi wengine tunagombania sahani. Senene hana kosa, wala shangazi hana kosa.

Haya nimejifunza kwa Bibi Astrid, mwenye nyumba ninayopanga. Anafuga mbwa wa aina ya Theluji, hawa wanaoitwa haski, na mmoja wao ana shida hiyo hiyo. Aliniambia, "Mwalimu, usitazame tu mahali anapojikuna. Tazama na pale asipojikuna." Viroboto humsumbua mbwa mgongoni, karibu na mkia. Upele huanzia kwenye kingo za masikio na viwiko, na hauchelewi kumpata anayelala naye. Mzio hupenda tumbo, makwapa, uso, ndani ya masikio na katikati ya vidole. Nawe umeniandikia kwamba analamba nyayo mpaka manyoya meupe yamekuwa rangi ya kutu, anatikisa kichwa, masikio yananuka, na tumbo ni jekundu. Mgongo ni safi.

Tena ulimjibu vizuri balozi wenu wa nyumba kumi, Mzee Byabato, aliposema, "Leonsia, mbwa wako atatuletea upele mpaka kanisani."

"Mzee, mimi namshika kila siku. Umewahi kuniona nikijikuna?"

"Ngozi yako wewe hata upele unaiogopa!"

Kikao kizima kikacheka, na jibu lako likapotelea katika kicheko. Ulikuwa umewapa ushahidi ambao hata daktari wa mifugo angeutaka.

Nadhani adui yake ni majani. Unasema Jumapili huwa na hali mbaya kuliko siku nyingine. Jumamosi ndipo unapobadilisha majani tunayotandika sakafuni, nawe kwa kumpenda unamwekea mengi mabichi kwenye kona yake, kama mgeni wa heshima. Kwa yule mhandisi wa maji uliyekuwa ukimpikia, yule aliyekuachia mbwa huyu mkataba wake ulipokwisha, sakafu ilikuwa ya saruji, na Theluji hakuwa akijikuna. Basi ondoa majani, alale juu ya ubao. Akitoka nje, mwoshe nyayo na tumbo kwa maji baridi masafi, kisha umkaushe mpaka ndani kabisa, kwa sababu unyevu ukibaki chini ya manyoya yale mazito ngozi huoza. Usimnyoe, hata kama unamwonea huruma kwa joto. Manyoya yanamkinga pia na jua. Asipopata nafuu, mpe ndizi na nyama ya mbuzi peke yake kwa miezi miwili, bila dagaa, bila maziwa, bila kulamba sufuria. Na wasimtumbukize katika josho la ng'ombe wala kumpaka oili chafu ya gari. Atajilamba, na dawa itamuua kabla ya mgambo.

Nisikudanganye. Haya yote hayamponyi, yanamtuliza tu. Mbwa wa Bibi Astrid humeza vidonge kila kiangazi, na vile nilivyokutumia mwaka jana havikufika. Hapo kwetu majani yanaanzia mlangoni. Nilimwomba mhandisi, ambaye ndiye aliyenitafutia kazi hii, amrudishe mbwa wake huku. Akasema, "Siku hizi naishi ghorofani, Mwalimu," halafu akaniuliza kama nina koti zuri la baridi. Na kikao hakitabadilika kwa karatasi yangu. Byabato atasema, "Mwalimu amekaa kwenye barafu, anatufundisha mbwa." Siwezi hata kumchukia. Amewahi kuzika mbuzi wengi, na anayaogopa mambo anayoyajua.

Nisalimie baba mdogo, umwambie simlaumu kwa habari ya kamongo. Nisalimie shemeji Anatoria, mjane wa kaka yetu, na mjomba wetu katekista, na shangazi na midomo yake. Na Mzee Byabato naye msalimie.

Jambo moja sikutaka kuliandika. Ikiwa Theluji bado yupo, na hakuna atakayekusikiliza, usikubali wamburute kwa kamba ya shingoni. Mhandisi alikuachia ule mkanda mpana wa kifuani. Mvishe wewe mwenyewe. Nawaona mbwa hawa hapa kila asubuhi: wakivishwa mkanda hudhani wanakwenda kukimbia, wanarukaruka na kupiga kelele kwa furaha. Atatoka mlangoni akiwa mbele yako, akikuvuta.

Ni mimi kaka yako,
Paskali