Kichwa cha Neema Kimenyolewa

Jumapili, Kabondo. Mvua tangu alfajiri, na leo hata risasi hazijasikika. Ningefurahi. Lakini nimekaa mlangoni, naandika huku jicho langu liko kwa mtoto.

Juzi mama mkwe alimnyoa Neema kichwa chote, nami nikamwambia asante. Chawa wametujaa tangu wakimbizi waanze kulala kwetu, na sabuni hakuna. Nilidhani ananisaidia. Hata sukari iliyobaki nilimtilia yeye kwenye chai.

Leo tukitoka misa, Mama Zawadi, jirani aliyekimbia vita kutoka kaskazini kama mama mkwe, alimwona Neema akanivuta pembeni. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli nimekubali. Kukubali nini? Bon, akanieleza. Kijijini kwao bibi akimnyoa msichana hivyo, anamtayarisha kukatwa. Na mama yake akishukuru, ametoa ruhusa.

Mimi nilishukuru. Mungu wangu, nilishukuru!

Nilijua mama mkwe alikuwa ngariba. Hapa mtaani wanawake wa kwao bado wanapiga magoti wakimsalimia. Nilijidanganya kwamba kazi hiyo aliiacha huko pamoja na nyumba yake iliyochomwa.

Mume wangu angemkataza. Lakini alishuka na mto kutafuta mchele, waasi wakafunga njia nyuma yake, na tangu hapo mwenye amri humu ndani ni mama yake.

Nilimfuata mama mkwe jikoni akitwanga pondu, majani ya muhogo. Nilitaka kufoka, sauti ikatoka ya kuomba. Wala hakukasirika. Alisema askari wanachukua wasichana ovyo, na kwao msichana asiyekatwa haolewi. Asipoolewa, nani atamtetea? Anaogopa, kama mimi tu. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kisha akaacha kutwanga.

"Binti yangu nilimukata na mukono yangu mwenyewe. Unawaza sikumupenda?"

Mume wangu aliwahi kuniambia kwamba dada yake alikufa mdogo, kwa homa. Sikuwahi kuuliza homa ile ilitoka wapi. Sasa sina haja ya kuuliza.

Dada yangu mimi anakaa Yanonge, chini ya mto, kabla ya pale waasi walipofunga. Askari wako bandarini wanapekua kila mtumbwi, na hao nawaogopa sana. Nilikuwa nawaza nisubiri wiki hii ipite, pengine mume wangu atarudi, pengine mto utatulia.

Mama mkwe amejitupia kitambaa kichwani, ametoka nje kwenye mvua bila kusema anaenda wapi. Neema amekuja kunikalia magotini, kichwa chake kinang'aa mafuta. Ana furaha, maskini. Tangu vita vianze hajapewa nguo mpya.

"Mama, bibi anasema kesho nitavaa kikwembe ya mupya. Iko yangu peke yangu?"

Kesho.

Naacha kuandika. Tunashuka mtoni sasa hivi, na mvua hii hii.