Furaha chini ya maua ya Tokyo

Jumamosi, 5 Aprili 2014

Na kazi ile ya kulea watoto nilimtafutia mimi! Leo rafiki yangu Furaha amepiga simu kutoka Tokyo. Wajapani anaowalelea watoto wamekwenda naye likizo kwao.

"Dada, watu wametandika mikeka chini ya miti, wazee kwa watoto, wanakula wakitazama maua. Yanadumu wiki moja tu, ndiyo maana hakuna anayetaka kuyakosa. Mwambie mama niko salama."

Nilikuwa nasuka kichwa cha tatu hapa saluni, Jules Street, vidole vinauma. "Eish, nina wateja," nikamjibu, nikakata.

Alasiri mama yake akaingia saluni. Simu yake imeharibika. "Furaha hajakupigia?"

"Hapana, mama."

Akashukuru, akatoka. Nikamwona amesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, anajifuta macho kwa kitenge. Nikamwacha mteja na nywele nusu, nikamkimbilia, nikamweleza yote.

"Mwanangu anakula chini ya maua!" Akacheka, akanikumbatia pale barabarani. Hakuniuliza kwa nini nilimdanganya.

Afadhali angeniuliza. Ningesema ni wivu, na bado ninao.