Wifi hakuleta ulezi, amekuja kumchukua mwanangu

Shikamoo Mama Dorothea, kwanza nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia, jambo hili limenikaa kooni tangu wifi yangu aliposhuka kwenye ndege lakini kila nikienda duka la intaneti mtoto anaanza kulia au mteja anapiga simu kuuliza mzigo wake, leo nimemfunga mgongoni amesinzia na naandika haraka kabla hajaamka, kwa hiyo ukiona mahali nimeandika ovyo usinicheke.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Goodness, ana mwaka na miezi michache, amezaliwa hapahapa Guangzhou. Mume wangu Elisante anawapeleka wafanyabiashara wanaotoka nyumbani viwandani, mikoba kule Shiling, jinzi kule Xintang, anawasemea Kichina, na mimi niko kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo mtaa wa Dengfeng, naandika majina kwenye marobota, napima, nafunga kwa selotepu, mtoto yuko mgongoni au amelala juu ya robota la mashuka kwa sababu ndilo laini. Nilikuja sijui kitu, mwaka wa kwanza nilikuwa naogopa hata lifti, lakini sasa nimezoea, najua soko lenye ndizi mbichi za mtori, najua kumwambia mwenye duka kwamba bei hiyo ni ya wageni aishushe, na mwenye nyumba wetu, mama mmoja mtu mzima tunayemwita Ayi, yaani shangazi, akimwona Goodness hana soksi ananifokea ngazi zote mpaka chini. Nakueleza haya ujue kwamba mtoto wangu hateseki.

Mwezi uliopita Elisante alianza kuniambia, "Mama Goodness, mwachishe mtoto ziwa, unachoka." Ni kweli nachoka, kuna siku naandika jina la mteja wa Mwanza kwenye mzigo wa Arusha, basi nikaona mume wangu ananihurumia. Nikachuma shubiri kwenye chungu cha maua cha Ayi nikajipaka. Mama Dorothea, mtoto alionja, akaacha, akaniangalia usoni kama anayeuliza mimi mwenyewe nimeonja. Nikageukia ukutani nikalia. Ayi alipogundua shubiri yake inakwenda wapi alisema "Bu xing, bu xing," yaani haifai, akakifunika kile chungu kwa beseni. Mimi nikaendelea na majani niliyokuwa nimeshachuma, kwa sababu mume wangu aliniomba kwa upole.

Ndipo akaja Felisia, dada yake Elisante, kununua mikoba. Nilikuwa nimemwagiza kwa simu aniletee vitu vichache, hasa unga wa ulezi wa uji wa mtoto. Akafungua sanduku, akatoa dagaa wa kaka yake wamefungwa kwenye gazeti lako, ndiyo maana nimepata anwani yako, akatoa kahawa, akatoa begi dogo jipya la zipu, tupu. Ulezi hakuna.

"Wifi, na ule unga?"

"Wa nini tena? Mtoto si anakwenda kuula kulekule unakolimwa!"

Nilijua ni utani nikacheka. Jumapili yake tukawakaribisha wateja wa Elisante chakula, nimepika pilau mtoto yuko mgongoni, na mmoja wao, Chacha, anayenunua jinzi, akaniambia mbele ya wote, "Shemeji, hongera, sasa utafanya kazi kwa raha. Ila mzigo wako msiuchanganye na wangu, nisije nikafungua kontena nikamkuta mtoto amevaa jinzi saizi thelathini na mbili!" Wakacheka wote. Elisante naye akacheka, anaangalia sahani. Nikaelewa hapo kwamba meza nzima inajua isipokuwa mimi niliyempika huyo mtoto tumboni na pilau jikoni.

Nikamuuliza, "Baba Goodness, mtoto anakwenda wapi?"

"Kwa bibi yake Marangu, kusahau ziwa. Si ndiyo desturi yetu?"

Ni desturi, siikatai. Mimi mwenyewe nilipelekwa kwa bibi kusahau ziwa, lakini bibi yangu alikaa ng'ambo ya mfereji, nikilia mama anasikia, na nikarudishwa baada ya siku chache. Kati ya Guangzhou na Marangu hakuna mfereji. Nikauliza atarudi lini, kila mtu anatafuta nyama kwenye pilau, halafu Felisia akasema, "Akifika umri wa shule tutaona."

Sijui nguvu niliitoa wapi. Niliinuka nikaenda jikoni, nikanawa shubiri kwa sabuni na maji ya moto, nikarudi, nikajifunika kanga nikamnyonyesha palepale mezani. Felisia akasema, "Unaharibu kazi ya mwezi mzima wewe!" Nikamjibu, "Kazi ya nani?"

Tangu siku hiyo Elisante anasema nimemwaibisha mbele ya wateja. Anasema hata Wachina wenyewe wanapeleka watoto kwa bibi kijijini. Najua, kwa sababu msichana ninayefunga naye marobota mwanawe analelewa hivyo, sikukuu ya mwaka mpya mtoto na bibi yake waliletwa ofisini, yeye akamnyooshea mwanawe gari la kuchezea, na mtoto akalipokea amejificha nyuma ya miguu ya bibi yake. Mwenzangu akaenda chooni, akarudi amenawa uso, akaendelea kufunga marobota. Na mimi ndiyo hayo wananitakia?

Felisia anasubiri mikoba yake imalize kushonwa Shiling, ikiisha tu anaondoka, na mimi bado nampikia asubuhi na jioni bila neno. Naogopa nikikataa kabisa itasemwa nimewanyima ukoo mtoto wao, na mama mkwe sina ugomvi naye, hajamwona mjukuu hata siku moja. Nifanye nini? Nisaidie maneno.

Na kama kuna msomaji wako anakuja huku, vitu nilivyoagiza bado navihitaji: unga wa ulezi usiochanganywa na mahindi wala karanga, kanga nzito ya kubebea kwa sababu yangu imechanika upindo, na mwiko mdogo wa mti wa kukorogea uji, wa hapa ni wa plastiki na unayeyuka.

Mama Goodness, Guangzhou

MAMA DOROTHEA ANAJIBU

Mama Goodness, haya nimekutumia kwa barua pepe kabla ya kuyachapa hapa, maana mikoba ya Shiling haitasubiri gazeti.

Pole, mwanangu. Nimesoma barua yako nimesimama, na nilipofika kwenye shubiri nikakaa chini. Kumfanya mama amwachishe mtoto kwa mkono wake mwenyewe bila kumwambia anaachishwa aende wapi, huo si upole, hata kama uliombwa kwa sauti laini. Ulivyonyonyesha mezani ulifanya sawa. Aliyeaibika pale ni aliyekuwa anaangalia sahani.

Sasa nikugombeze na wewe. Unampikia Felisia asubuhi na jioni, umenuna, unadhani hasira yako ataionja kwenye mchuzi? Atakula, atashiba, atapanda ndege na mtoto wako. Halafu nimetafuta barua nzima mahali ulipozungumza na mama mkwe sijapaona. Yote umeyasikia kwa Felisia na Elisante! Leo hii shika simu hiyohiyo uliyomwagizia Felisia, mpigie mama mkwe, mwamkie, muulize aliomba nini. Huenda aliomba picha, wao wakaamua kumpelekea mtoto. Na kama kweli alimwomba mtoto, asikie jibu kwako, kwa adabu: Goodness atakuja kukuona akiwa mgongoni kwangu, na atarudi akiwa mgongoni kwangu.

Mumeo zungumza naye Felisia akiwa hayupo, na mtoto awe mapajani kwake, si kwako. Usimlilie. Muulize swali lilelile la mezani: atarudi lini? Asiyeweza kutaja siku ya kurudi hampeleki mtoto kusahau ziwa, anamhamisha. Ukishamuuliza, nyamaza, mwache ahangaike na jibu. Na pasipoti ya mtoto iondoe kabatini leo, itembee nawe kazini, uifunge ndani ya kanga.

Uchovu wako nao ni wa kweli, usiufanye siri, maana kwenye uchovu huo ndipo walipopita. Elisante hapeleki wateja viwandani kila siku. Siku akiwa nyumbani mtoto ni wake, mchana kutwa, na uji anakoroga yeye. Siku za kupakia kontena mwombe Ayi akukalie naye. Mwanamke aliyefunika shubiri kwa beseni hutahitaji kumbembeleza. Na kuachisha ziwa, utamwachisha siku utakayoona wewe, polepole, kwa uji wa kushibisha, bila kumpaka mtoto uchungu mdomoni.

Kuna lile begi dogo jipya la zipu, lililoletwa kubebea nguo za Goodness. Usilitupe wala usilifiche. Siku Felisia anaondoka mkabidhi mkononi, Elisante akiona, likiwa tupu kama alivyokuja nalo. Mwambie amfikishie mama mkwe alijaze, na wa kwanza kuja Guangzhou aje nalo: unga wa ulezi usiochanganywa, kanga nzito ya kubebea, mwiko mdogo wa mti.