Twalibu amevinyoosha viti vya baba

Houda uko? Nimejifungia jikoni, sitaki baba anione nikicheka.

Unakumbuka vile viti vya kulia baba alivyotengeneza mwenyewe, zamani za independansi, sasa viko kwetu? Kile kimbao chembamba, mugongo umelala kidogo, miguu ya chuma imetanuka nje. Miaka yote hiyo hakuna mutu ameanguka.

Sasa bwana yangu Twalibu, fundi wa magari, ameona miguu imepinda. IMEPINDA, Houda. Ati uzito wa watu ndio umeisukuma nje, kama magurudumu ya taksi ya Kinama ikijaza watu.

Akabeba viti vyote garage, akakata miguu, akaichomelea upya, wima kabisa. Zawadi ya mukwe, maana leo baba anakula kwetu baada ya sala ya Ijumaa.

Baba ameingia, ameviangalia. Twalibu na furaha yake: "Baba, nimevinyoosha."

Baba akauliza pole pole, "Vilikuwa na shida gani?"

"Vilipinda."

Anamwambia nani? Mutu aliyevipinda kwa mikono yake.

Halafu ili aonyeshe kazi yake, Twalibu akakaa, akaegemea. Kiti kikaenda nyuma pamoja naye, miguu juu. Wallahi, kutoka pale chini anasema, "Shida ni mugongo, nao umelala. Kesho naunyoosha."

Mi nikakimbilia jikoni. Nikasikia baba anakaa chini, ananiita: "Saliha, huu mukeka Twalibu ameugusa?"

Nikamujibu, "Apana, baba."

"Basi leta chakula."