Vichwa vya Sangala

Jumamosi, mwezi wa kumi

Na akacheka! Hapo ndipo aliponimaliza.

Bon. Leo tumevua samaki saba ziwani, baridi inatukata masikio. Hapa Buffalo, Amerika, wanamwita walleye. Mama anasema ni sangala tu, samaki wa ziwa la kwetu, kwa sababu ya yale macho yanayowaka. Mama ametoka Louisville, masaa tisa ndani ya gari na magoti yake mabovu, kuja kula kichwa. Tangu Baba afariki, kichwa ni chake, heshima ya mkubwa. Sijui kama mwakani ataweza kuja tena.

Désiré, mume wa dada yangu, alikuja kutoka Columbus na kisu kipya. Akasema nipumzike, samaki atawatengeneza yeye. Niliporudi na chai nikakuta minofu mitupu. Vichwa vyote saba viko kwenye pipa la takataka, chini ya matumbo na mafuta ya injini!

"Donc, shemeji, Amerika hii nani anakula kichwa?" akasema huku akicheka.

Nyumbani Mama alipapasa mfuko wa samaki mpaka chini, akitafuta kichwa. Akapika, akapakua, Désiré wa kwanza kwa sababu ni mkwe. Kwenye sahani yake mwenyewe akatia wali mtupu.

Désiré akaomba aongezewe.

Na mimi, mwoga, nikamsogezea bakuli la samaki.