Bosi wa Sebuleni

Jumapili, 2 Machi

Samahani, daftari. Miezi mitatu sijakugusa — mtoto, nepi, usingizi wa kuibia. Leo nimekutoa kwa sababu naogopa, na wa kumwambia hayupo. Baba Kidonge amesafiri kikazi jana. Wiki sita! Ameniachia mkunga wake.

Yule samaki mrefu kama nyoka. Hoteli ambako mume wangu alikuwa anatunza samaki ilifungwa. Wengine wakapata pa kwenda, huyu akaja kwetu. Tenki limekula ukuta mzima wa sebule, kabati la vyombo likahamia chumbani. Ndiyo maana tunamwita Bosi. Urefu anamzidi mwanetu Kidonge mara mbili, unene kama paja langu. Anafungua mdomo, anafunga, anafungua. Meno! Mume wangu anasema anapumua tu, hana hasira. Nimeelewa. Mwili wangu ndio haujaelewa.

Masharti yamebandikwa kwenye kioo. Chakula mara mbili kwa wiki, kwa koleo refu. Mkono usiingie kamwe. Kifuniko kifungwe, makomeo yote manne.

Jumatano, 5 Machi

Nimempa ngisi. Alitoa kichwa pangoni, akanusa, akarudi ndani. Hataki.

Kidonge anatambaa mpaka kwenye kioo, anakipiga viganja, anacheka. Na Bosi anakuja! Uso kwa uso, kioo tu katikati. Nilimnyakua mtoto mpaka akalia. Pole mama, pole. Halafu nikaburuta kiti kikubwa nikakiegemeza kwenye tenki.

Ijumaa, 7 Machi

Bado hajala. Kipimajoto kinasema thelathini na moja, masharti yanasema ishirini na sita. Mashine ya kupoza maji imekufa. Nikampigia mume wangu. Eti nisiwe na presha, Bosi ni mgumu. Nikamwambia mgumu si mimi. Ukirudi, huyu atafutiwe kwingine, au mimi na mtoto tujitafutie. Amemlisha miaka saba, najua. Lakini nimeshasema.

Nikampigia na muuza samaki wa mapambo, akanicheka: mama, unatutengenezea supu! Fungua kifuniko, elekeza feni kwenye maji, yatapoa yenyewe.

Hakuuliza ni samaki gani. Nami sikusema.

Nimefungua. Feni inazunguka. Digrii moja imeshuka.

Jumapili, 9 Machi, saa nne asubuhi

Niko juu ya meza ya chakula. Kidonge yuko mapajani, amelala, kijiko bado mkononi.

Nilikuwa namlisha. Nikasikia kishindo, kama godoro lililolowa limeangushwa. Nikageuka — tenki lina maji matupu. Yuko sakafuni! Anajipinda, anapiga mkia, anakwenda. Ameingia chini ya kochi la karibu na mlango. Mlango umefungwa, na funguo ziko juu ya kochi hilohilo. Njia ya chumbani inapita hapohapo.

Mama mkwe ana funguo za akiba. Nikampigia: mama, mkunga ametoka!

Ametoka? Kwani umejifungua tena lini, sisi hatuna habari?

Si wa uzazi, mama! Mkunga wa baharini!

Akauliza: samaki gani huyo wa kutoka, ana miguu? Nilipomweleza akaacha utani. Anakuja na panga, akasema, na nisithubutu kushuka.

Panga libaki, mama. Nilisema hivyo hivyo. Nilijishangaa mwenyewe.

Kwa sababu namsikia. Anakwaruza zulia, anatulia, anakwaruza. Kila mara anatulia zaidi. Nimelowesha taulo la mtoto kwa maji ya chupa yake, nikalirusha. Limeangukia mbali.

Nimempigia na muuza samaki, hacheki tena. Anasema ngozi isikauke. Huenda akavumilia nusu saa, huenda zaidi. Na asishikwe mikono mitupu, ataondoka na kidole.

Dakika kumi na mbili zimepita. Simu ina asilimia sita. Mama bado yuko kwake, anatafuta funguo, hakai mbali. Nitampigia mara moja tu, naandika kwanza nisisahau kitu.

Funguo. Glavu za baba mkwe, zile za kuchomelea vyuma, zinazofika kwenye viwiko. Mashuka mawili makubwa, ayaloweshe huko huko. Pipa la nguo chafu lenye kifuniko, la kumrudishia tenkini. Ufagio wa mpini mrefu, wa kumtoa kule chini taratibu.

Nepi mbili.

Mbeleko, ile ndefu. Kidonge afungwe mgongoni kwa bibi yake, wabaki nje ya mlango. Nikishuka hapa nataka mikono yote miwili.