Kroksi za Shanice Zimeenda Ziwa Jipe

Shanice,

Jirani yetu Nthambi aliwahi kuniuliza, "Mama Shanice, mjane anatafuta nini kwenye kimtumbwi cha kayaki?" Leo jioni nitakuwa na jibu lake.

Maharagwe yamechemka, wewe kaanga tu. Kuku wafungie mapema. ~~Usipike ugali, naleta samaki.~~ Pika. Samaki siahidi.

Asubuhi nilikufokea bure. Nilisema safari hii ya Ziwa Jipe ni ya Umoja wa Akina Mama wa kanisa, na sare yetu haikamiliki bila viatu vyeusi vya ngozi, hata majini. Ukaniambia, "Mama, hivyo vikijaa maji vitakuwa mawe. Mungu atakutambua hata na kroksi." Nikageukia jiko usinione nikicheka.

Sasa nimezivaa kroksi zako. Ni nyepesi, hazibani kidole changu kibaya, maji yatatokea kwa vitundu, na mkanda umeshika kisigino. Nimejaribu kupiga kasia hapa jikoni kwa mwiko. Bwana asifiwe, ninaweza.

Najua ni mpya, hata kanisani hujazivaa. Lakini uliziweka mlangoni pangu, ukatoka kwenda kazini.

Mama